Vijisindano Viitikivu

Vijisindano viitikivu ni miiba myembamba isiyofika urefu wa milimita 1, inayopangwa kwa makumi juu ya kiraka cha kubandika kwenye ngozi, na iliyotengenezwa kwa polima, yaani dutu ya molekuli ndefu zenye vipande vinavyojirudia, ambayo hubadilika pindi hali ya mwili inapobadilika. Urefu huo unatosha kupenya tabaka la nje la ngozi, lenye unene wa mikromita 10 hadi 20 hivi, bila kuzama hadi kwenye neva nyingi za maumivu.

Yamkini msomaji aliyezoea simu janja angependelea vijisindano janja, jina linaloeleweka upesi. Hata hivyo linapotosha, kwa kuwa simu janja huendeshwa kwa kompyuta na betri, ilhali kiraka hiki chaweza kufanya kazi bila kompyuta wala betri. Kivumishi -itikivu, kitokanacho na kitenzi itika, kinataja hasa kinachotendeka: mwili hutoa ishara, nayo polima huitika.

Ugonjwa wa kisukari unalionyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 2015 watafiti wa North Carolina, Marekani, wakiongozwa na Zhen Gu, walitangaza kiraka kilichojaribiwa kwa panya, ambacho vijisindano vyake vilibeba vifuko vidogo mno vyenye insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, pamoja na kimeng'enya kinachooksidisha glukosi, yaani sukari hiyo. Sukari inapopanda, kimeng'enya hutumia oksijeni kwa kasi. Upungufu wa oksijeni unaotokea hapo huvunja vifuko, na insulini hutoka. Katika kiraka kingine, kilichotangazwa mwaka 2020 baada ya kujaribiwa kwa nguruwe wadogo, kimeng'enya kiliachwa, na mahali pake pakawekwa polima yenye asidi ya fenilboroni, ambayo glukosi inapojishikiza kwayo huongeza chaji hasi, ikavimba na kulegeza insulini iliyokuwa imeishikilia. Sukari ikishuka, utoaji hupungua wenyewe, na hilo ndilo jambo la thamani kuu, kwani insulini iliyozidi humletea mgonjwa kutetemeka, kutokwa jasho, kuzirai na hata kufa.

Ufinyu wa vijisindano una gharama yake: hubeba dawa kidogo sana, hivyo vinaifaa insulini, ambayo kipimo chake huhesabiwa kwa sehemu za miligramu, kuliko dawa zinazohitajika kwa mamia ya miligramu kila siku.