Kristo wa Vilindini: Ziara ya San Fruttuoso



Wapendwa, katika pwani ya Liguria, kaskazini-magharibi mwa Italia, kati ya Camogli na Portofino, kipo kijiji kidogo kiitwacho San Fruttuoso. Barabara ya magari haifiki huko. Mgeni huenda kwa mashua, ama kwa miguu akikata mlima. Wakati wa kiangazi ghuba yake hujaa watu waliokuja kuogelea na kuota jua.

Kijiji hicho kilizaliwa na abasia ya Wabenedikto, yenye jina la Mtakatifu Fruktuosi, Askofu wa Tarragona, aliyechomwa moto mwaka 259 pamoja na mashemasi wake wawili. Katika karne ya 13 ukoo wa Doria wa Genova ulizika humo wafu wake, na makaburi yao yangalipo. Mwaka 1915 mafuriko yalibomoa sehemu ya kanisa. Kifusi chake kikafanya ufuko ule ule ambapo leo wageni hutandika taulo zao.

Lakini lililo kuu zaidi limefichwa majini. Mwaka 1947 mzamiaji Dario Gonzatti alifariki katika bahari hiyo. Mwenzake, Duilio Marcante, akapata wazo la kusimika sanamu ya Kristo huko chini. Mchongaji Guido Galletti akaitengeneza kwa shaba nyeusi, kimo chake mita 2.5, mikono ikiwa imeinuliwa juu. Medali na kengele za meli ziliyeyushwa kwa ajili yake. Tarehe 22 Agosti 1954 ikashushwa kina cha mita 17 hivi. Kila mwaka, mwezi wa Julai, wazamiaji huipelekea taji la majani, kuwakumbuka waliofia baharini.

Sisi huzuru makaburi ya wapendwa wetu kila Novemba 2. Aliyezama hana kaburi la kupalilia, na mama yake hajui pa kuwasha mshumaa. Ndiyo maana tarehe 8 Julai 2013 Papa Fransisko, akiwa Lampedusa, alitupa shada la maua baharini kwa ajili ya wahamiaji waliokufa maji, wengi wao wana wa Afrika yetu.

Katika Kanuni ya Imani twaungama kwamba Kristo alishukia kuzimu. Basi hakuna kilindi asichokifikia. Juma hili, katika rozari ya nyumbani, tuwaombee marehemu wasio na kaburi.

Mungu awabariki.