Kuachia Njia na Kufukuzwa Njiani

Kila chama cha siasa kinachotafuta mgombea mmoja kati ya wengi hufika mahali pagumu. Wanaotaka ni wengi, nao wote hudai kwamba wanaweza. Lakini bendera ni moja na mshikaji wake ni mmoja. Hapo ndipo wale wanaoonekana kuwa nyuma huanza kuambiwa waondoke ili chama kisigawanyike. Neno hilo huweza kuwa la busara, na huweza kuwa la dhuluma. Historia ya Kenya, tangu mwaka 1992 hadi mwaka 2008, imeonyesha sura zote mbili za neno hilo, na imeonyesha pia ni nani hulipa gharama pale linaposemwa vibaya.

Mwaka 1992 Kenya ilirudi katika uchaguzi wa vyama vingi baada ya zaidi ya miaka ishirini ya utawala wa chama kimoja. Chama cha upinzani kilichokuwa na wafuasi wengi kilikuwa FORD. Ndani yake walikuwamo Jaramogi Oginga Odinga na Kenneth Matiba, na kila mmoja aliutaka urais. Ugomvi wao haukuwa wa cheo peke yake, bali ulikuwa pia wa mizani. Upande wa Matiba ulitaka wanachama wote wapige kura kumchagua mgombea. Upande wa Odinga ulitaka kazi hiyo ifanywe na mkutano wa wajumbe. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kupimwa kwa mizani ya mwenzake, hakuna aliyeweza kuambiwa kwa haki kwamba yu nyuma. Chama kikapasuka vipande viwili.

Matokeo yake yaliandikwa katika masanduku ya kura. Rais Daniel arap Moi wa KANU alishinda kwa asilimia 36 tu. Matiba alipata asilimia 26, Mwai Kibaki wa chama cha DP asilimia 19, na Odinga asilimia 17. Wapinzani hao watatu kwa pamoja walikuwa na zaidi ya asilimia 60 ya kura, nao walirudi nyumbani wameshindwa. Mwaka 1997 kosa likarudiwa. Moi alipata asilimia 40, Kibaki 31, Raila Odinga karibu 11, Michael Kijana Wamalwa 8, na Charity Ngilu karibu 8. Kwa mara ya pili, aliyeshinda aliungwa mkono na wachache kuliko waliomkataa.

Ulipofika mwaka 2002, Katiba haikumruhusu Moi kugombea tena. Sasa ilikuwa zamu ya KANU kutafuta mgombea mpya, na hapo ndipo chama tawala kilipotumbukia katika shimo lile lile, ila kwa mlango mwingine.

Tarehe 18 Machi 2002, katika uwanja wa Kasarani mjini Nairobi, KANU iliungana na chama cha NDP cha Raila Odinga. Raila akawa Katibu Mkuu. Viti vinne vya makamu wenyeviti wakapewa Uhuru Kenyatta, Kalonzo Musyoka, Musalia Mudavadi na Katana Ngala. Profesa George Saitoti, aliyekuwa Makamu wa Rais wa nchi kwa miaka mingi, alifika mkutanoni na kukuta kwamba jina lake halimo katika safu iliyokwisha pangwa. Mbele ya maelfu ya wajumbe akajiondoa. Hakushindwa kwa kura, maana kura yenyewe haikupigwa. Aliambiwa kwa vitendo kwamba yu nyuma, ingawa hapakuwa na mbio zilizokimbiwa.

Mwezi Julai mwaka huo Moi akatangaza kwamba chaguo lake la kumrithi ni Uhuru Kenyatta. Uhuru alikuwa ameshindwa kiti cha ubunge mwaka 1997, na alikuwa ameingia Bungeni kwa kuteuliwa mwaka 2001 tu. Wakubwa wenzake chamani wakatakiwa waliunge mkono jina hilo na kuacha nia zao. Wao walidai jambo moja: wajumbe wapewe nafasi ya kupiga kura ya siri. Jibu lilikuwa ukali. Mwishoni mwa Agosti Saitoti akafukuzwa umakamu wa Rais, na Joseph Kamotho akafukuzwa uwaziri. Wengine, kama Mudavadi na Ngala, walirudi kundini. Na Mudavadi akafanywa Makamu wa Rais mwezi Novemba. Lakini Raila, Kalonzo, Saitoti na wenzao wakakiacha chama na kuingia LDP.

Tarehe 14 Oktoba 2002 ikawa siku ya mikutano miwili katika mji mmoja. Kasarani, KANU ilimpitisha Uhuru bila mpinzani. Uhuru Park, waliofukuzwa njiani walikutana na umati mkubwa wa watu, na Raila akatamka kwamba Kibaki anatosha.

Kibaki hakufika hapo kwa bahati. Wakati KANU ikigombana, yeye, Wamalwa na Ngilu walikuwa wamekwisha kukaa pamoja. Wote watatu walikuwa wamegombea urais mwaka 1997, na mizani yao ilikuwa matokeo ya uchaguzi huo, ambayo kila Mkenya aliyajua. Asilimia 8 haikuweza kushindana na asilimia 31. Wamalwa na Ngilu wakampisha Kibaki, na kila mmoja akaelezwa wazi nafasi yake endapo wangeshinda. Hawakuondoka kwa aibu wala kwa vitisho. Waliondoka wakiwa na hesabu mkononi na heshima mabegani.

Hata hivyo haifai kuupamba upande huo kupita kiasi. Simeon Nyachae wa FORD-People alitaka mgombea wa upinzani wote apatikane kwa kura ya siri, sawasawa na madai ya waliotoka KANU. Ombi lake halikukubaliwa. Akagombea peke yake, akapata karibu asilimia 6. Waliodai kura wakiwa Kasarani hawakuona haja ya kura walipofika Uhuru Park. Ndivyo ilivyo tabia ya wanasiasa: mizani hutakiwa na anayeogopa kupunjwa, na husahauliwa na anayejiona mzito.

Tarehe 27 Desemba 2002 Kibaki, akiwa mgombea wa muungano wa NARC, alipata asilimia 62. Uhuru alipata asilimia 31, naye akakubali kushindwa. KANU, iliyotawala tangu uhuru mwaka 1963, ikaondoka madarakani. Tarehe 30 Desemba Moi alikabidhi madaraka hadharani. Hakuna kikosi kilichotoka kambini kuupinga uamuzi wa kura. Majeshi ya Kenya yalimtii Amiri Jeshi Mkuu mpya kama sheria ilivyotaka.

Laiti habari ingeishia hapo. Lakini ahadi ni deni, na anayempisha mwenzake humdai. Wamalwa alipata umakamu wa Rais, akafariki dunia Agosti 2003. Ngilu akapata Wizara ya Afya. Upande wa LDP ulilalamika kwamba hati ya makubaliano iliyotiwa sahihi Oktoba 2002 haikuheshimiwa, wala katika kugawana nafasi za serikali wala katika kuunda cheo cha Waziri Mkuu. Hati hiyo ilikuwa ya wakubwa wachache. Haikuwa sheria, na hapakuwa na mwamuzi wa kuisimamia. Katika kura ya maoni ya Novemba 2005 juu ya Katiba mpya, waliopishana kwa mapatano walisimama pande mbili, na upande wa serikali ukashindwa. Raila na wenzake wakatoka serikalini.

Mwaka 2007 hapakuwa tena na wa kumpisha mwingine. Kibaki na Raila walikabiliana, na Kalonzo akasimama peke yake. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30 Desemba, nchi ikawaka moto. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133. Zaidi ya theluthi moja vilikuwa vya risasi, na polisi walilaumiwa kwa kutumia nguvu kupita kiasi. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia makazi yao. Amani ilirudi kwa mapatano ya tarehe 28 Februari 2008, yaliyosimamiwa na Kofi Annan pamoja na Benjamin Mkapa na Graça Machel, huku Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, akisaidia kuyafikisha mwisho. Cheo cha Waziri Mkuu, kilichoahidiwa mwaka 2002 kwa wino, kilikuja kutolewa mwaka 2008 baada ya damu.

Haya yanamhusu askari kwa sababu iliyo wazi. Askari hakuwamo katika vyumba vya mapatano wala katika mikutano ya wajumbe. Hakupanga safu, hakuvunja hati, hakumwahidi mtu cheo. Lakini ugomvi usiomalizwa ndani ya chama hutoka nje ukafika barabarani, na barabarani anayekutana nao wa kwanza ni konstebo mwenye ngao na rungu. Pale Kenya ilipompa kila mgombea kipimo anachokiamini, mwaka 2002, askari alibaki na kazi yake ya heshima ya kulinda makabidhiano. Pale kipimo kilipotiliwa shaka, mwaka 2007, alipelekwa kuwakabili wananchi wenzake.

Kwa hiyo, si kosa kumwomba aliye nyuma aachie njia. Kosa ni kumwita aliye nyuma mtu ambaye hajapimwa, kumtisha badala ya kumshawishi, na kuisahau ahadi baada ya kuvuka mto. Chama kinachokwepa kura ya wajumbe wake kwa kuogopa mgawanyiko huwa hakijauepuka mgawanyiko huo. Huwa kimeuahirisha tu, na kuwaachia wenye sare kazi ya kuumaliza.