Digrii ya nguo: Kwa nini kijana wa Tabora anaingia, na kwa nini mwingine anatoka

Kijana wa Tabora anayetaka kusomea nguo ana njia mbili kuu: chuo cha ufundi au chuo kikuu. Kwa jina zinafanana, lakini kazi zinakokupeleka ni tofauti. Anayezichanganya ndiye yuko hatarini kuacha katikati, wakati ada imeshalipwa au mkopo umeshaanza kuhesabiwa.

Mji uliojua thamani ya nguo

Karne ya 19, Tabora, iliyoitwa pia Kazeh, ilikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani, na kaniki kutoka India vilitumika kama pesa. Kwa nguo ulinunua chakula, ulilipa hongo ya kupita na ujira wa wapagazi. Wanyamwezi nao walifuma nguo zao za pamba.

Leo pamba inalimwa Igunga na Nzega, ila sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inauzwa nje ikiwa bado haijawa uzi. Kiwanda cha nyuzi cha Tabora kilisimama bila uzalishaji kwa miaka mingi.

Kinachowavuta

Kwanza, kazi inaonekana. Sare za shule, vitenge vya harusi, magauni ya send-off: kila mtaa una fundi cherehani na wateja wake. Pili, mtu anaweza kujiajiri bila kusubiri tangazo la ajira. Tatu, simu imefanya ubunifu wa mavazi uonekane ni biashara, si kazi ya aliyefeli.

Kwa wanaosoma sayansi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kina shahada ya uhandisi wa nguo na ya usanifu na teknolojia ya nguo.

Kinachowatoa

Sababu ya kwanza ni matarajio. Mtu anaingia akiwaza kuchora gauni, anakutana na hesabu, fizikia, kemia ya rangi na mashine za kusokota na kufuma. Uhandisi wa nguo ni uhandisi kamili, miaka minne. Cherehani ni sehemu ndogo tu ya safari hiyo.

Ya pili ni umbali. Wa Tabora anafuata reli ya kati, ile iliyojengwa karibu na njia ya misafara, hadi Dar es Salaam. Huko kuna kodi ya chumba, nauli na vifaa.

Ya tatu ni ajira. Viwanda vikubwa vya nguo viko mbali na nyumbani: Sunflag na A to Z viko Arusha, 21st Century iko Morogoro. Viwanda vingi vya umma vilivyojengwa baada ya uhuru vilianguka kufikia miaka ya 1990, na mitumba bado inauzwa kwa bei ambayo nguo mpya inashindwa kuifikia. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilipanga kuondoa mitumba, lakini Tanzania ilirudi nyuma baada ya Marekani kutishia nafuu ya ushuru ya AGOA.

Kabla hujajaza fomu

Jiulize unataka kushona au kuendesha uzalishaji.

Kama ni kushona na kufungua duka, fani ya ubunifu, ushonaji na teknolojia ya nguo katika vyuo vya VETA inakufikisha haraka na kwa gharama ndogo. Tabora kuna chuo cha VETA. Ulizia nafasi za mwaka husika.

Kama ni kiwanda, ubora wa kitambaa au rangi, digrii ina maana. Soma mwongozo wa udahili wa TCU uone masomo yanayotakiwa, na uulize mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi.

Na kama tayari uko chuoni na moyo umeshatoka, usiondoke kimyakimya. Ongea na idara kuhusu kuhama programu au kuahirisha mwaka, kisha uliza mkopo wako utakuwaje. Ukitoweka tu, mwaka unapotea na deni linabaki.