Don, Madam, Dominika na Domino Ni Ndugu: Safari ya Neno Moja Mpaka Uluguru

Leo umbea wa mastaa tunauweka pembeni, tunafungua faili la neno. Neno lenyewe ni domino.

Ukilitaja kijiweni, wengi watafikiria vile vipande 28 vyenye vidoti, ambavyo Zanzibar wanaviita dhumna. Mwingine atakwambia ni ile hali ya kitu kimoja kuanguka na kuangusha kinachofuata. Wote wako sawa, ila asili ya neno ni ya zamani kuliko mchezo.

Domino limetoka Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Nyumba waliita domus. Mwenye nyumba, yule mwenye kauli juu ya watoto, watumwa na mali, akaitwa dominus. Sisi tungesema bwana. Kilatini hubadilisha mwisho wa neno kulingana na kazi yake kwenye sentensi, kwa hiyo ukitaka kusema "kwa Bwana" unapata domino.

Mwanamke mwenye nyumba aliitwa domina, na hapo ndo ukoo unaanza kukua. Waitaliano wakalifupisha likawa donna, wakaongeza "wangu" wakapata Madonna, jina la Bikira Maria karne nyingi kabla hajatokea yule mwanamuziki wa Marekani. Wafaransa wakasema madame. Kwa hiyo ukimwita bosi wako wa kike "madam", unamwambia "mama mwenye nyumba wangu" kwa Kilatini kilichochakaa. Upande wa wanaume, Wahispania na Waitaliano wakalikata dominus likabaki don. Ukisema mjini kuna madon, umewataja wenye nyumba wa Roma bila kujua. Hata domeni ya tovuti ni mjukuu wa neno hilohilo: eneo lenye mwenyewe.

Sasa mchezo uliingiaje hapo? Ulaya kulikuwa na vazi la mapadri la wakati wa baridi, lenye kofia kubwa ya kufunika kichwa. Wafaransa waliliita domino, na wengi wanasema jina lilitoka kwenye maneno ya sala Benedicamus Domino, yaani tumhimidi Bwana. Baadaye vazi la aina hiyo na kinyago vikahamia kwenye sherehe za kuficha sura, ambako wakubwa walifanya mambo yao bila kujulikana. Mambo ya jina kapuni hayakuanza na sisi! Karne ya 18 mchezo wa vipande ukaenea Italia na Ufaransa. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba weusi na weupe wa vile vipande uliwakumbusha watu vazi lile. Wachina walikuwa wanacheza na vipande vya nukta karne nyingi kabla ya hapo.

Huku kwetu neno lilipitia mlango wa kanisa. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakafika Morogoro 1882, na 1897 wakaanza Matombo, kwenye Uluguru yenyewe. Misa ilikuwa ya Kilatini. Mluguru wa Matombo alimsikia padri akisema Dominus vobiscum, Bwana awe nanyi, miaka mingi kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962 hadi 1965) kuifungulia njia misa ya Kiswahili. Kilatini kikaondoka, mzizi ukabaki. Waulize Wakatoliki, Jumapili kwao ni Dominika, siku ya Bwana.

Ila hapa tutulie kidogo. Mapadri hawakukuta watu wasiojua bwana ni nani.

Stanley alipita hapa mwaka 1871, miaka 11 kabla ya misheni ya Morogoro, akakuta mji wenye ukuta ukitawaliwa na mwanamke, binti wa Kisabengo. Mji aliuandika kwa jina la Simbamwene. "Mwene" katika lugha nyingi za Kibantu ni mtawala, ndugu wa "mwenye" wetu. Domina kamili huyo.

Juu mlimani kulikuwa na mndewa, mkuu wa ukoo anayegawa ardhi ya ukoo. Waluguru wanafuata ukoo wa mama, kwa hiyo mrithi wa mndewa hatoki kwa watoto wake, anatoka kwa watoto wa dada zake. Na mrithi anarithi mpaka jina. Kingalu, ambalo leo liko kwenye soko kuu la mjini, ni jina la namna hiyo, linarithiwa Kinole. Tofauti iko hapa: dominus wa Roma aliweza kumuuza mtu wa nyumbani mwake. Mndewa ardhi si yake binafsi, anaishika kwa niaba ya ukoo.

Sasa miaka ya 1950 akaja anayejiona bwana mpya. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia udongo kumomonyoka. Sababu ilikuwepo, maana mto Ruvu unaanzia Uluguru na mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Lakini kazi ilikuwa ya shuruti, na watu waliogopa ardhi yao inachukuliwa. Julai 1955 watu wakachachamaa Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango wa matuta ukaachwa.

Angalia tarehe. Aprili 7, 1954, Rais Eisenhower wa Marekani alitumia mfano wa domino zinazoangushana kuelezea hofu yake juu ya ukomunisti Asia. Miezi mitatu kamili baadaye, Julai 7, TANU ikazaliwa Dar. Mwaka uliofuata, Matombo. Kisha Tanganyika 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. Mtu wa Matombo aliyekataa jembe la shuruti alikuwa na mkono wake kwenye mpangilio huo, ila ramani za wakubwa hazikumchora.

Leo "don" tunampa yeyote mwenye hela na gari kali. Lakini neno lilianza na nyumba, na mndewa anakumbusha kwamba ubwana unaweza kuwa ni kutunza cha wengi. Kama wewe ni wa Uluguru na hujui ukoo wa mama yako unaitwaje, mpigie bibi kabla hajaondoka na majibu. Muulize: mndewa wetu ni nani, na ardhi yetu iko upande gani wa mlima?