Kengele ya Usiku na Mtoto Anayekojoa Kitandani

Elimu ya Watu Wazima: Somo la Redio

 

Leo tutazungumza jambo ambalo wengi huona haya kulizungumza, nalo ni habari ya mtoto anayekojoa kitandani. Katika nyumba nyingi jambo hili hufichwa, na likifichuka, hufichuka kwa ubaya. Mtoto huchapwa alfajiri, au hutwishwa godoro lake bichi na kupitishwa mbele ya wenzake wakimwita kikojozi. Natakeni tuangalie pamoja historia ya jambo hili, maana historia yenyewe itatuonyesha kwa nini fimbo imeshindwa, na kwa nini kengele ndogo imefaulu.

Zamani watu walifanya nini?

Msidhani kwamba taabu hii ni ya kwetu tu. Ni taabu ya watu wote, tena ni ya siku nyingi. Huko Uingereza, katika miaka ya 1540, mwandishi mmoja jina lake Thomas Phaer alitoa kitabu juu ya magonjwa ya watoto. Ndani yake aliweka sura fupi juu ya kukojoa kitandani. Dawa alizozitaja ni unga wa koo la jogoo, korodani za kalunguyeye, na kwato za mbuzi. Basi mtu akikuambia kwamba hirizi za kiunoni ni ujinga wa Waafrika peke yao, mkumbushe kalunguyeye wa Uingereza.

Katika karne ya 19 madaktari wa Ulaya waliacha majogoo, wakashika dawa za kemia. Watoto walinyweshwa beladona na striknini, ambazo zote ni sumu zikizidi kipimo. Wengine walitiwa dawa ya kuunguza ngozi ya mgongo mpaka itoke malengelenge. Fikiri, ndugu msikilizaji: mtoto alikuwa na taabu moja, akaongezewa ya pili.

Dawa hizi zote, za kijijini na za hospitalini, zilikuwa na kasoro moja. Hazikumfundisha mtoto kitu palepale jambo lenyewe linapotokea, yaani usiku wakati amelala na hana habari.

Kengele iliyotengenezwa kwa ajili ya wauguzi

Sasa tufike mwaka 1904. Daktari mmoja wa watoto, Meinhard von Pfaundler, mtu wa Austria, alikuwa na shida ndogo katika wodi yake. Watoto walilowa usiku, na wauguzi hawakujua mpaka asubuhi. Basi ukatengenezwa mtambo mdogo wa kuwaarifu. Mtoto alilazwa juu ya kitambaa chenye waya ndani yake, na waya hizo ziliunganishwa na betri na kengele. Kitambaa kikiwa kikavu, umeme haukupita. Mkojo una chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Kwa hiyo mara mtoto alipoanza kukojoa, kengele ililia, na muuguzi akaja kumbadilisha.

Angalieni vizuri: kengele ile haikuwekwa ili kumponya mtoto. Iliwekwa ili kumwita muuguzi. Lakini baada ya muda ikaonekana jambo ambalo halikutazamiwa. Baadhi ya watoto waliolala juu ya mtambo ule waliacha kulowa. Kengele ilikuwa ikimfundisha mtoto, na hakuna aliyekusudia.

Jambo hilo lilikaa miaka mingi bila kushikwa sana. Kisha mwaka 1938, huko Marekani, bwana na bibi Mowrer, yaani Orval Hobart Mowrer na mkewe Willie Mae, walitoa habari za kazi waliyoifanya katika mji wa New Haven. Waliwatumilia kengele ya namna hiyo watoto 30, wadogo wao wa miaka 3 na wakubwa wa miaka 13. Wote waliacha kulowa, na hakuna aliyehitaji zaidi ya miezi miwili.

Mowrer na mkewe walieleza sababu kwa kufuata kazi ya Ivan Pavlov, mtaalamu wa Urusi. Pavlov alimsikilizisha mbwa sauti fulani kila mara kabla ya kumpa chakula. Baada ya siku kadhaa mbwa alitokwa na mate kwa kuisikia sauti tu, hata kama chakula hakijaletwa. Ndivyo ilivyo kwa mtoto. Kibofu hujaa, mkojo huanza kutoka, kengele hulia, mtoto hushtuka na kuubana mkojo. Usiku kwa usiku mwili hujifunza kwamba kibofu kikijaa, ni wakati wa kubana au wa kuamka. Mwisho wake mtoto huamka kabla kengele haijalia, na wengi hulala mpaka asubuhi wakiwa wakavu bila kuamka kabisa.

Kwa nini fimbo haifundishi?

Sasa linganisheni kengele na fimbo. Kengele hulia palepale, dakika ileile mkojo unapotoka. Fimbo huja alfajiri, saa nyingi zimekwisha kupita. Mtoto anayechapwa asubuhi hajifunzi kubana mkojo. Hujifunza kuogopa asubuhi, na kuficha nguo zake.

Tena si kosa lake. Kwa hesabu za madaktari wa nchi nyingi, katika watoto 100 wa miaka 5, kama 15 hivi hukojoa kitandani. Kufikia miaka 10 husalia kama 5. Wengine huwa na usingizi mzito, wengine miili yao hutengeneza mkojo mwingi usiku, wengine vibofu vyao bado havijakomaa. Tena jambo hili hufuata ukoo. Kama mzazi mmoja alikuwa hivyo utotoni, katika watoto 100 kama 44 huwa hivyo. Kama wazazi wote wawili, kama 77. Baba anayeishika fimbo ingemfaa kwanza aende kwa mama yake mzazi, amwulize kwa adabu habari za utoto wake mwenyewe.

Sheria yetu pia imesema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 13, yakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kumdhalilisha. Yasema vilevile kwamba haifai kumwadhibu mtoto asiyeweza kuelewa makusudi ya adhabu hiyo. Je, mtoto aliyekuwa amelala fofofo ataelewaje?

Nami kama Afisa Elimu naona hasara nyingine. Mfikirieni binti aliyefaulu na kupata nafasi katika shule ya bweni. Wazazi wanafurahi, lakini yeye hafurahi, maana anajua kwamba katika bweni hakuna mahali pa kuficha shuka. Binti huyo anaweza kusema shule haitaki, nasi tukamwita mvivu. Aibu ya usiku yaweza kumnyima mtu elimu ya maisha yake yote.

Kwanza nendeni zahanati

Kabla ya kutafuta kengele, hapana budi mtoto apimwe. Wasikilizaji wazee watakumbuka mafunzo ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo vikundi kama vyenu vilikusanyika penye redio kusikiliza habari za magonjwa, kichocho kikiwa kimojawapo. Ugonjwa huo haujaondoka. Watoto wetu huoga katika malambo na hukanyaga maji ya majaruba ya mpunga, na humo ndimo kichocho cha mkojo kinamopatikana. Mtoto anayekojoa mara kwa mara, au anayetoa damu mwishoni mwa mkojo, apelekwe mara moja. Dawa ipo.

Mpelekeni pia mtoto anayesikia maumivu akikojoa, anayekunywa maji kupita kiasi na kukonda, mwenye selimundu, au aliyekuwa mkavu miezi sita na zaidi kisha akaanza tena. Mwangalieni na choo kikubwa. Choo kigumu kilichojaa tumboni hukibana kibofu, na mara nyingine kukiondoa tu hutosha.

Jinsi kengele inavyotumika

Kengele za siku hizi ni ndogo, zinatumia betri, na nyingine hubanwa kwenye nguo ya mtoto. Hazipatikani katika kila duka, kwa hiyo mwulizeni daktari. Zafaa kwa mtoto wa miaka 6 au 7 na zaidi, ambaye mwenyewe anataka kuacha.

Jambo la kwanza ni hili: mzazi alale karibu. Siku za mwanzo kengele itaamsha nyumba nzima, ila mtoto mwenyewe hataamka. Mwamsheni kabisa, aamke kwa macho na kwa akili, aende kumaliza mkojo, abadilishe nguo, aiweke kengele tena. La pili, msichoke. Kazi huchukua wiki nyingi, mara nyingi miezi miwili au mitatu. Endeleeni mpaka apate siku 14 mfululizo bila kulowa. Katika watoto 3 wanaoitumia, karibu 2 hufaulu. Baadhi yao hurudia baadaye, na kengele ikirudiwa, wengi hufaulu tena. Kuna na dawa za kunywa ambazo daktari huweza kutoa, lakini mara nyingi dawa ikikoma kulowa hurudi, maana mwili haukujifunza.

Nawaonya: mtu asijaribu kujitengenezea mtambo huu kwa waya za umeme wa nyumba au wa sola. Umeme na maji ni kifo.

Na asiye na kengele je? Mpeni mtoto maji ya kutosha tangu asubuhi, mpunguzie jioni. Akojoe kabla ya kulala. Kama choo ki mbali na usiku una giza na fisi, wekeni ndoo ndani. Tandikeni plastiki juu ya godoro. Waweza pia kumwamsha saa fulani, hata kwa kengele ya simu, na kitanda kitapona usiku huo. Lakini fahamuni tofauti: simu hulia kwa saa uliyoipanga wewe, kengele hulia kwa saa ya mkojo wenyewe. Kwa hiyo simu huokoa godoro, lakini haifundishi kama kengele. Hata hivyo kumbukeni kwamba katika watoto 100 wenye taabu hii, kama 15 hivi huacha wenyewe kila mwaka. Mtoto asiye na kengele, lakini ana wazazi wavumilivu, bado ana tumaini kubwa.

Wauguzi wa mwaka 1904 hawakumwamsha mtoto ili kumgombeza. Walikuja kumbadilisha nguo, naye akajifunza. Nasi tukiisikia kengele usiku, twende namna hiyohiyo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini adhabu ya asubuhi haimfundishi mtoto jambo la usiku?
2. Ni dalili zipi zinazotulazimu kumpeleka mtoto zahanati kwanza?
3. Hapa kijijini kwetu, watoto huogelea katika maji gani, na tufanye nini?
4. Kikundi chetu kitawasaidiaje wazazi na walimu waache kumwita mtoto kikojozi?