Adili na Nduguze: kwa nini nyani wawili ni mtihani kwa filamu

Adili na Nduguze ni riwaya ya Shaaban Robert iliyotoka 1952 na kusomwa shuleni na vizazi kadhaa. Stori yenyewe: Adili, mtawala wa Janibu, ana nyani wawili anaowachapa kila usiku. Baadaye inajulikana kuwa ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Walimtosa baharini kwa wivu, jini Huria akamwokoa na kuwageuza nyani.

Kuipeleka stori hii kwenye filamu si kazi ndogo.

Kwanza, sura. Mwanafunzi wa Ivuna, mkoani Songwe, anawachora nyani hao kichwani mwake, na wa Tanga ana wake. Filamu inawapa wote nyani walewale, wawe wa kompyuta au waigizaji waliovaa manyoya.

Pili, fimbo. Kitabuni Adili anachapa kwa amri ya Huria, huku moyo ukimuuma, na ukweli unatoka anapojieleza mbele ya Mfalme Rai. Kwenye skrini mtoto anaona mtu akipiga wanyama. Siri ikichelewa, atamchukia Adili. Ikiwahi kutoka, utamu umeisha. Hapo uso wa mwigizaji ndio unabeba majonzi yote.

Riwaya za Kiswahili zinaingia kwenye filamu, hilo limeshaonekana. Vuta N'Kuvute ya Adam Shafi ilifanywa filamu na Amil Shivji, ikaonyeshwa tamasha la Toronto 2021. Ila ile haikuwa na nyani.