Hedha Tatu, Ukoo Mmoja

Ukipanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria, ukishaacha mianzi na miti ya Hagenia nyuma, unafika mahali ambapo kila kitu kinaonekana kuwa kichaka kimoja. Majani madogo membamba kama sindano, matawi yenye ndevu za kijivu, ukungu kila upande. "Hii yote ni hedha," mtu atakwambia, na safari inaendelea. Hajakosea. Ila hapo umesimama katikati ya ubishi uliodumu zaidi ya miaka 150.

Ubishi wenyewe ulianzia Berlin. Mwaka 1834, Johann Friedrich Klotzsch alikuwa akichunguza matawi yaliyokaushwa, akaona maua yake hayalingani na ya Erica za kawaida. Chukua Erica arborea, ambayo Linnaeus aliipa jina mwaka 1753 na ambayo inaota kutoka Ureno hadi huku kwetu. Maua yake ni meupe, na sepali zake nne, vile vijani vinavyoshika ua kwa chini, zinatoshana. Kwenye maua ya Klotzsch, sepali moja ilikuwa kubwa kuliko zingine. Basi akaunda jenasi mpya, Philippia. Sepali moja tu, na ukoo ukagawanyika!

Mwaka 1921 wakaja ndugu wawili kutoka Uswidi, Robert na Thore Fries, wakakusanya mimea Mlima Kenya na Aberdare. Mwaka 1927, Thore na mwenzake Carl Gustav Alm wakachapisha uchunguzi mkubwa wa Philippia. Mmoja wa miti waliyoielezea ni Philippia excelsa. Kwa hivyo miti miwili iliyosimama bega kwa bega kwenye ukingo mmoja wa mlima ilikuwa na majina tofauti ya ukoo.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 1980. Mtaalamu wa Afrika Kusini, E. G. H. Oliver, alionyesha kwamba mipaka hiyo haishiki. Ile sepali kubwa ni jani dogo la kwenye kikonyo, lililosogea juu likaungana na ua. Ua linalotegemea upepo kusafirisha chavua halihitaji urembo wa kuita nyuki. Linapunguza mapambo na kutanua stigma ili inase chavua. Mabadiliko kama hayo hayatoshi kuvunja ukoo. Mwaka 1990, Henk Beentje akachapisha majina mapya katika Utafiti, jarida la Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya: Erica excelsa na Erica trimera. Jamaa waliotenganishwa Berlin waliandikishwa tena Nairobi.

Sasa, kurudi ukoo mmoja si kuwa mtu mmoja. Bado unaweza kuwatofautisha. Toa lenzi. Sepali zikitoshana na maua yakiwa meupe, huyo ni arborea. Moja ikiwazidi wenzake, na stigma imechomoza pana kama kofia, uko upande wa waliokuwa Philippia. Hapo hesabu: ua la trimera kwa kawaida limegawanyika mara tatu, kama jina lake linavyosema.

Kwa nini tujisumbue? Kwa sababu ya moto. Machi 1943, mabomu yaliteketeza hebaria ya Berlin, na vielelezo vingi vya Afrika Mashariki vikawa majivu. Ushahidi ulio hai uko huku milimani, nao pia unaungua. Mlima Kenya uliwaka mwaka 2012, Kilimanjaro mwaka 2020. Misitu hii hunasa maji kutoka kwenye ukungu na kuyadondosha ardhini, kwa hivyo ikiungua hatupotezi mandhari ya picha tu.

Baada ya moto, kijani hurudi, na mpita njia atasema hedha imerudi. Lakini ni ipi iliyorudi? Kama jina letu ni moja tu kwa zote, spishi moja inaweza kupotea kwenye ukingo fulani na hesabu yetu isiguswe. Mlima utaonekana mzima, na hakuna atakayeuliza nani hayupo.